Paa Limeng'oka: Fuata Fidia ya Bima na Mlipe Fundi Bila Kupata Hasara Mara Mbili

Ukitembea ndani ya magofu ya Gede utaona kuta za matumbawe, milango ya matao, visima na misikiti. Kitu kimoja hutakiona: paa. Watu waliuhama mji ule katika karne ya 17, kuta zikabaki zimesimama hadi leo, lakini mapaa yalikwenda zamani. Kila mwenye nyumba kati ya Gede, Watamu na Malindi anaelewa jambo hili bila kuelezwa na mtaalamu wa mambo ya kale. Upepo na mvua vikija pamoja, paa ndilo huondoka kwanza.

Miaka ya karibuni imetukumbusha. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilifurisha Mto Sabaki na kukata barabara ya Mombasa–Malindi pale Mbogolo. Miezi michache baadaye, mafuriko ya masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikajitokeza Bahari Hindi. Kilitua katika Kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, na huku pwani ya Kenya tukakaa na tahadhari ya upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi. Vimbunga kamili ni adimu kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, takriban nyuzi 3 tu kusini. Lakini nyumba haingoji kimbunga chenye jina. Upepo wa usiku mmoja wakati Kusi inaingia unatosha kupeleka mabati kwenye shamba la jirani.

Hasara ya kwanza huletwa na dhoruba, na hiyo hatuwezi kuizuia. Hasara ya pili huja wiki zinazofuata: fundi aliyechukua pesa akazima simu, risiti zilizopotea, fomu ya bima iliyojazwa kwa haraka, pesa iliyotumwa kwa nambari isiyojulikana ni ya nani. Hii ya pili, kwa kiasi kikubwa, iko mikononi mwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuweka hilo daftari, tangu asubuhi ya kwanza baada ya dhoruba mpaka fundi anapochukua shilingi yake ya mwisho.

Saa 24 za kwanza

Kabla ya pesa, uhai. Kama maji yamefika kwenye soketi, mita au waya za juu, usiguse swichi yoyote ukiwa umesimama majini. Toa watu nje, kisha wapigie Kenya Power kwa 97771. Nyaya zilizoanguka barabarani zihesabu kuwa na umeme hata kama mtaa mzima uko gizani.

Watu wakishakuwa salama, chukua simu upige picha. Si picha moja ya kutuma kwenye kikundi cha familia. Piga nyumba nzima kutoka pande zote nne, halafu kila chumba, halafu kila kitu kilichoharibika kwa karibu. Piga picha ya mabati pale yalipoangukia kabla ya kuyasogeza. Rekodi video ukitembea polepole, ukitaja kwa sauti tarehe, saa na mahali: "Leo ni tarehe fulani, saa moja asubuhi, hiki ni chumba cha kulala." Tuma nakala kwa mtu mwingine au uzihifadhi kwenye barua pepe, kwa sababu simu nayo hulowa.

Kisha zuia hasara isiongezeke. Funika shimo la paa kwa turubai, hamisha magodoro na vyombo vya umeme, fungua madirisha ili hewa ipite. Watu wengi huogopa kugusa chochote wakidhani bima itakataa. Kumbe ni kinyume. Hati nyingi za bima zinakutaka uchukue hatua za busara kuokoa kilichobaki, na gharama ya turubai na kamba huingia kwenye madai ukiwa na risiti. Kinachokatazwa ni kuanza ukarabati wa kudumu kabla kampuni haijaona hasara.

Na jambo moja la mwisho kwa siku hiyo: usitupe kitu. Bati lililopinda, mbao iliyovunjika, televisheni iliyoingia maji, vyote viweke pembeni. Atakayekuja kukadiria anataka kuviona kwa macho yake. Msaidizi mwenye bidii akishachoma mbao au kuuza mabati kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ushahidi umekwenda naye.

Bima yako inalipa nini hasa?

Tuseme ukweli: nyumba nyingi Gede hazina bima. Nchini Kenya kwa jumla, ada zote za bima zikiwekwa pamoja hazifikii asilimia 3 ya pato la taifa. Kama wewe ni miongoni mwa wasio na bima, ruka hadi sehemu yako hapo chini, ila usiache sehemu ya fundi njiani.

Ikiwa unayo, toa ile hati na uisome kabla ya kupiga simu. Bima ya nyumba kwa kawaida imegawanyika: sehemu moja ni ya jengo, nyingine ni ya vitu vya ndani, na zipo nyingine za vitu unavyotembea navyo au wafanyakazi wa nyumbani. Aliyelipia jengo peke yake hatalipwa godoro. Mpangaji naye asidhani bima ya mwenye nyumba inamfunika: ile inahusu kuta na paa, si friji yako.

Angalia mambo manne.

*Dhoruba na mafuriko si kitu kimoja.* Upepo uking'oa bati na mvua ikaingia, hiyo ni dhoruba. Maji yakipanda kutoka barabarani au mtoni na kuingia mlangoni, hayo ni mafuriko. Hati nyingine zinafunika yote mawili, nyingine zinataka mafuriko yaongezwe. Unapoeleza tukio, eleza maji yalipita wapi.

*Ulisema nyumba imejengwa kwa nini?* Hapa ndipo pwani yetu ina mtego wake. Fomu ya maombi huuliza kuta ni za nini na paa ni la nini. Nyumba ya mawe ya timbo yenye mabati hukadiriwa tofauti na ile ya makuti, kwa sababu makuti hushika moto na kuchukuliwa na upepo upesi. Kama uliandika "mabati" halafu ukaongeza baraza kubwa la makuti bila kuijulisha kampuni, baraza hilo linaweza kuleta ubishi.

*Uchakavu haulipwi.* Bima hulipa tukio la ghafla. Bati lililoliwa na chumvi ya bahari miaka kumi, au dari iliyokuwa ikivuja tangu mwaka juzi, litatengwa kwenye hesabu. Ndiyo maana picha za nyumba ikiwa nzima, zilizopigwa kabla ya masika, ni silaha nzuri kuliko maneno.

*Ada ililipwa?* Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya ada kupokelewa au kudhaminiwa. Kwa lugha ya mtaani: hakuna bima ya mkopo wa mdomo. Wakala akikwambia "nitakulipia, utanirudishia mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi huo dhoruba ikatangulia, unaweza kujikuta huna chochote. Lipa ada moja kwa moja kwa Paybill ya kampuni ya bima, ukiweka nambari ya hati yako kama nambari ya akaunti. Usiitume kwa simu binafsi ya wakala, hata akiwa mtoto wa jirani. Ule ujumbe wa malipo ndio ushahidi kwamba siku ya dhoruba ulikuwa umefunikwa.

Kama nyumba ilijengwa kwa mkopo wa benki, angalia pia kama benki imetajwa kwenye hati. Ikiwa imetajwa, fidia huenda ikapitia kwao kwanza, kwa hiyo wajulishe mapema.

Kupeleka madai, hatua kwa hatua

1. Toa taarifa mara moja. Piga simu kwa kampuni, wakala au broka, halafu fuatisha kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata kwa barua pepe fupi. Andika nambari ya hati, tarehe na saa ya tukio, mahali, na maelezo ya sentensi mbili tatu. Omba nambari ya madai. Kuanzia hapo kila simu utakayopiga itaje nambari hiyo, na uandike jina la uliyezungumza naye.

2. Jaza fomu kwa ukweli na kwa utulivu. Orodhesha kila kitu: kilikuwa nini, ulikinunua lini, kwa bei gani, kimeharibika vipi. Kama huna risiti ya televisheni, tafuta kwenye taarifa ya miamala ya simu yako. Wengi wamelipa madukani kwa Till na hawakumbuki kwamba rekodi bado ipo. Omba taarifa ya kipindi kile, utakuta tarehe, kiasi na jina la duka. Usiongeze kitu ambacho hukuwa nacho. Dai moja la uongo linaweza kuyaangusha madai yote, pamoja na yaliyo ya kweli.

3. Ambatisha ushahidi. Picha na video, risiti za turubai na vifaa vya dharura, makadirio ya gharama kutoka kwa mafundi wawili au watatu. Barua ya chifu husaidia kuthibitisha kwamba dhoruba ilipita kijijini. Kukiwa na ubishi juu ya hali ya hewa ya siku hiyo, Idara ya Hali ya Hewa ina kituo chake Malindi, na inawezekana kuomba ripoti.

4. Mpokee mkadiriaji wa hasara. Huyu ndiye wengi humwita asesa. Anatumwa na kulipwa na kampuni ya bima, na anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hutakiwi kumpa kitu mkononi. Kuwa nyumbani siku anayokuja, na fundi wako awepo ikiwezekana, kwa sababu fundi ataona mbao iliyopasuka ndani ya dari ambayo wewe hungeiona. Tembeeni pamoja chumba kwa chumba. Akiondoka, andika alichokiona na alichoruka.

5. Hesabu siku. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinaitaka kampuni ishughulikie dai na kulilipa ndani ya siku 90 tangu liripotiwe. Ndiyo sababu ile barua pepe ya siku ya kwanza ina thamani: ndiyo inayoonyesha saa ilianza kuhesabu lini.

6. Soma kabla ya kutia sahihi. Kabla ya pesa kutoka, kampuni hukupa hati ya kukubali malipo. Mara nyingi inasema kwamba kiasi hicho ni cha mwisho na hutadai tena. Ukitia sahihi, mlango umefungwa. Kama hukubaliani na kiasi, uliza kwa maandishi kilivyofikiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwa nini hulipwa pungufu? Hesabu ya nyumba ya mfano

Malalamiko tunayoyasikia sana ni haya: "Nimeharibikiwa na vitu vya laki mbili na ushee, wamenilipa laki moja. Wameniibia." Wakati mwingine kuna kosa kweli. Mara nyingi, lakini, jibu liko kwenye hesabu ambayo hakuna aliyemweleza mteja siku ya kununua.

Tuchukue nyumba ya mfano hapa Gede: vyumba vitatu, kuta za mawe ya timbo, paa la mabati. Kuijenga upya leo kungegharimu Sh3,000,000. Mwenye nyumba, akitaka ada iwe ndogo, aliikatia bima ya Sh1,500,000. Usiku mmoja wa Mei upepo ukachukua upande mzima wa paa. Ukarabati ni Sh240,000.

Anafikiri: "Bima yangu ni milioni moja na nusu, hasara ni laki mbili na arubaini, basi nitalipwa yote." Sivyo. Alifunika nusu ya thamani ya nyumba, kwa hiyo kampuni inamhesabu kama aliyebeba nusu nyingine mwenyewe. Nusu ya Sh240,000 ni Sh120,000. Kisha hutolewa kile kiasi ambacho hati inasema mteja hubeba mwenyewe kwa kila dai. Tuseme ni Sh10,000. Anabaki na Sh110,000, na pengo la Sh130,000 la kutafuta.

Pengo hilo halizibiki baada ya dhoruba. Linazibwa siku ya kukata bima, kwa kutaja gharama ya kujenga upya, siyo bei uliyonunulia kiwanja wala gharama ya mwaka 2010. Ukiongeza chumba, ongeza na bima.

Sasa tuje kwa fundi

Siku mbili baada ya dhoruba, Gede nzima inatafuta fundi. Bei hupanda, wageni hutokea na pikipiki na ngazi, kila mtu ana haraka kwa sababu mawingu bado yako. Huo ndio wakati pesa hupotea kwa urahisi.

Anza na fundi anayejulikana. Uliza nani alijenga paa la msikiti, kanisa au shule ambalo halikuguswa na upepo. Nenda ukaone kazi yake. Kwa kazi kubwa inayohitaji mkandarasi, uliza nambari yake ya usajili kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo huwasajili wakandarasi kuanzia daraja la 1 hadi la 8 na pia hutambua mafundi stadi. Usajili unaweza kuuhakikisha mtandaoni au katika ofisi zao. Kwa fundi wa kijijini asiye na usajili, chukua nakala ya kitambulisho na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo. Fundi wa kweli hatachukia.

Taka makadirio ya maandishi kutoka kwa wawili au watatu, na yawe yanalinganishika: mabati mangapi, ya geji gani, mbao za ukubwa gani, misumari kilo ngapi, kofia za paa, ufundi bei gani, siku ngapi. Makadirio ya mstari mmoja, "kutengeneza paa 240,000", hayana maana kwako wala kwa kampuni ya bima.

Muulize pia swali hili: paa litafungwaje kwenye ukuta? Watu hudhani upepo husukuma paa chini. Ukweli ni kwamba upepo ukipita juu ya nyumba huvuta paa kuelekea juu, na nguvu kubwa iko ukingoni, kwenye pembe na kwenye kofia. Kwa hiyo misumari mingi katikati haisaidii ikiwa mbao yenyewe imelazwa tu juu ya mawe. Mbao za chini zinatakiwa kufungwa kwa ukanda wa chuma au nondo zilizoshikwa na ukuta, na misumari izidishwe ukingoni. Karibu na bahari, chagua mabati na misumari iliyopakwa vizuri dhidi ya kutu. Ukirudisha paa kama lilivyokuwa, Kusi ijayo itarudia kazi yake.

Makubaliano ya ukurasa mmoja

Huhitaji wakili. Karatasi moja inatosha, yenye majina na nambari za vitambulisho, kazi yenyewe, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani ananunua vifaa, malipo yatatoka lini, na nini kitatokea kazi ikivuja. Wote wawili mtie sahihi mbele ya shahidi. Piga picha karatasi hiyo.

Tenganisha vifaa na ufundi. Kwa nyumba yetu ya mfano, tuseme vifaa ni Sh160,000 na ufundi Sh80,000. Vifaa nunua mwenyewe, ukilipa duka la hadiwea moja kwa moja kwa Till yake, na uchukue risiti ya eTIMS. Ufundi ulipe kwa hatua:

- Sh16,000 siku ya kuanza, mafundi wakiwa wamefika na vifaa viko uwanjani
- Sh32,000 mbao zikishapandishwa na kufungwa kwenye ukuta
- Sh24,000 mabati na kofia zikishamalizika
- Sh8,000 baada ya wiki mbili, au mvua ya kwanza kubwa ikipita bila kuvuja

Ile Sh8,000 ya mwisho ni ndogo, ila ndiyo itakayomrudisha fundi kuziba tundu. Anayedai nusu au pesa yote kabla ya kupanda ngazi anakuomba umkopeshe.

Kila malipo yaache alama

Hapa ndipo simu yako inapokuwa daftari.

*Soma jina kabla ya PIN.* Nambari ikitokea na jina ambalo si la fundi mliyekubaliana wala la duka mliloingia, simama. "Tuma kwa ya shemeji, yangu ina shida" ni sentensi ya kukufanya uweke simu chini kwanza. Ikibidi kabisa, badilisha nambari kwenye makubaliano kwa maandishi, wote mkiwapo.

*Usilipe taslimu bila karatasi.* Kuna kazi ndogo ndogo ambazo taslimu haikwepeki: mbeba mchanga, mkokoteni, chai ya mafundi. Weka daftari na uwaombe watie sahihi. Kiasi kikubwa kipitie simu au benki.

*"Tuma na ya kutoa" iingie kwenye bei.* Amueni mwanzoni nani anabeba gharama ya kutoa pesa, msije mkakosana kwa shilingi chache kila wiki.

*Jua mipaka.* Kwa sasa muamala mmoja wa pesa za simu hauzidi Sh250,000, na kwa siku mwisho ni Sh500,000. Fidia kubwa ya bima ni bora iingie benki, kisha uihamishe kwa simu kadiri ya hatua za kazi. Pesa yote ikikaa kwenye simu, fundi, binamu na duka la pombe wote huisikia harufu yake.

*Kurudishiwa muamala si dawa ya ugomvi.* Tunalisema hili kila msimu. Ombi la kurudisha pesa limewekwa kwa aliyekosea nambari. Ulimtumia fundi kwa hiari yako, akafanya kazi mbaya au akatoweka? Huo ni mgogoro wa makubaliano, na hatuwezi kuchomoa pesa kwa mtu kwa sababu mmekosana. Hata kwa aliyekosea nambari, pesa ikishatolewa kwa wakala kazi huwa ngumu. Ulinzi wako ni ile hatua ndogo ndogo ya malipo, siyo kitufe cha baadaye.

*Jihadhari na wanaofuata dhoruba.* Baada ya maafa huja ujumbe na simu: "Fidia yako iko tayari, tuma 2,500 ya kufungua faili." Kampuni ya bima haidai ada ya kutoa fidia. Hakuna anayehitaji PIN yako ili kukulipa, wala sisi wenyewe. Ukipata ujumbe wa pesa iliyoingia, angalia salio kwa menyu yako mwenyewe kabla ya kumshukuru mtu au kumrudishia "iliyozidi".

*Panga rekodi.* Kwa kila malipo hifadhi ujumbe, na kwenye daftari andika: tarehe, nambari ya muamala, nani, kwa nini, kiasi. Kazi ikiisha, omba taarifa ya miamala ya kipindi chote na uiweke pamoja na makubaliano na risiti. Mkadiriaji akiuliza, una jibu. Hakimu akiuliza, una jibu.

Kama huna bima

Bado piga picha, bado andika orodha. Ripoti kwa mzee wa kijiji na chifu siku ile ile, kwa sababu misaada ya serikali, ya kaunti au ya Msalaba Mwekundu ikija, hufuata majina yaliyoandikishwa. Asiyeandikishwa hurukwa, hata kama nyumba yake ndiyo iliyoumia kuliko zote.

Familia ikichanga, chagueni mweka hazina mmoja na nambari moja. Mtoto aliye Nairobi anaweza kulipia mabati moja kwa moja kwa Till ya duka la Gede, mzee akayapokea uwanjani na kutuma picha. Hapo hakuna anayemshuku mwenzake. Kwa pesa inayotoka Ghuba au Ulaya, mpokeaji mmoja aiandike na kuonyesha kikundi ilivyotumika. Michango mingi huvunja undugu si kwa sababu pesa imeliwa, ila kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha haikuliwa.

Mkopo wa haraka wa simu ufikirie mara mbili. Umeundwa kwa siku chache, na paa hulipwa kwa miezi. Chama au sacco yako huenda ikakupa muda mrefu kwa riba nafuu. Na hata mwenye bima asikope kwa kutegemea fidia itaingia wiki ijayo. Kumbuka zile siku 90.

Mambo yakikwama

Kampuni ya bima ikikataa dai au ikinyamaza, omba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha hati wanachokitegemea. Andikia ofisi yao ya malalamiko. Ukikosa jibu la kuridhisha, peleka malalamiko kwa IRA ukiambatisha nambari ya madai, barua zote na tarehe ya kuripoti.

Fundi akikwepa, mwandikie ujumbe wa heshima unaotaja makubaliano na kumpa siku maalumu za kurudi. Mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwakutanisha, na mizozo mingi huishia hapo. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, imewekewa siku 60 za kumaliza kesi, na unaweza kujisimamia bila wakili. Huko hawataki hadithi ndefu. Wanataka ile karatasi ya ukurasa mmoja na orodha ya miamala yako.

Kabla ya masika yajayo

Chukua nusu saa Jumapili hii:

- Piga picha ya kila chumba, paa nje na ndani, na uzihifadhi mbali na simu
- Soma hati ya bima: thamani ya jengo, mafuriko, aina ya paa, kiasi unachobeba mwenyewe, tarehe ya kuisha
- Hakikisha ada imefika kwa kampuni, siyo kwa wakala tu
- Mwite fundi akaze ukingo wa paa, abadilishe misumari yenye kutu na asafishe gata
- Kata matawi ya mwembe au mkorosho yanayolalia nyumba
- Hifadhi kwenye simu nambari ya bima, ya chifu, ya fundi unayemwamini na 97771
- Nunua turubai na kamba sasa, kabla bei haijapanda